Tundu la Tatu

Rafiki niliyefanya naye kazi Riyadh alinitumia ujumbe wa sauti wiki iliyopita, nikiwa karakanani kwangu Mwanakwerekwe, mteja kanisimamia kichwani. "Mbarouk, bosi katangulia. Abu Rayan. Kazikwa Jeddah, ubavuni mwa mwanawe." Niliiweka simu mezani nikaendelea kukaza skrubu niliyokuwa naikaza, mpaka nikatambua kuwa ilishakazika zamani. Mteja akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia ndiyo, lakini alipotaka kujua marehemu alikuwa nani kwangu, nikachukua skrubu nyingine. Kafili, mwajiri anayekudhamini ugenini, ni nani kwa mtu? Si baba, si ndugu, si rafiki, na huwezi kusema ni mtu baki, maana ruhusa yangu ya kulala, kutembea na kurudi kwetu ilikuwa mikononi mwake. Nimepata kuishi na watu wema kuliko yeye, na wabaya kuliko yeye. Lakini hakuna aliyepata kunitia hofu kama ile, wala hakuna niliyemwona kwa macho yangu akifanya jambo gumu kama alilolifanya yeye mwaka ule. Nina mvi sasa, na yeye hayupo. Naona naweza kusimulia.

Nilikuwa sijatimiza miaka thelathini. Karakana ya Abu Rayan ilikuwa Al-Sulay, hukohuko Riyadh, katikati ya maghala na malori, tukitengeneza makabati ya jikoni na milango. Kazi yangu haikuwa kukata mbao bali kuziweka hai mashine zinazozikata: zile zinazoongozwa na kompyuta, unazipa mchoro nazo zinakipeleka kisu kulia na kushoto, juu na chini, bila mkono wa mtu. Tulilala Al-Murabba, chumba kimoja watu sita, kiyoyozi kikidondosha maji ndani ya kopo la rangi. Mchana tulikula sakafuni, sinia moja la wali na kuku, kila mtu na upande wake, na habari zote za mahali pale zilipita juu ya sinia lile. Hapo ndipo niliposikia kuwa mtoto wa bosi kafa. "Umeme," alisema fundi mmoja wa rangi bila kuinua macho. "Alikuwa anajitengenezea mashine nyumbani kwao Jeddah. Kijana wa chuo. Ikampiga." Mwingine akasema vijana wa siku hizi wanajifunza kila kitu kwenye video. Tukaendelea kula. Nikikumbuka sasa naona aibu kwa wepesi ule, jinsi maneno "alijitakia mwenyewe" yalivyotutoka na tonge mdomoni, kumbe maneno hayohayo yalishafika nyumbani kwa wafiwa na kukaa huko.

Abu Rayan alirudi kazini ndevu zimemkua. Hakuwa mtu wa kelele hata kabla ya msiba. Alikuwa mrefu, mkavu, husema neno moja akakuacha ulitafute la pili. Alikaa ofisini bila kuwasha taa. Asubuhi moja akaja kusimama nyuma yangu nikiwa nimelala chini ya mashine.

"Mabruk." Aliniita hivyo siku zote, kwa matamshi ya kwao, ambako neno hilo ni hongera. "Mashine ndogo unaiweza?"

"Ndogo kiasi gani, bosi?"

"Kama meza ya kulia. Ya Rayan."

Nilitoka chini nikajifuta mikono. Nikamwambia Mungu amrehemu, nikauliza ina ugonjwa gani.

"Imekufa," alisema. "Nataka ifanye kazi. Na nataka uniambie alikosea wapi."

Tulikwenda Jeddah kwa gari lake, jangwa siku nzima pande zote mbili. Aliendesha yeye. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta kusali na kunywa chai, na pale, kikombe mkononi, alinipa sharti moja tu. "Kitu alichokishika mwanangu usikitupe. Hata kipande cha waya." Nikasema sawa. Sikujua nimekubali nini.

Alinipangishia kitanda mtaa wa Kandara, kwenye nyumba ya ghorofa yenye ngazi za giza, chumba kimoja na Bakari wa Mombasa, karani wa duka la kusafirisha mizigo, mtu wa makamo aliyepiga pasi shati lake kila asubuhi hata kama haendi popote. Kutoka Kandara nilipanda teksi kila siku mpaka nyumbani kwa bosi. Ilikuwa nyumba kubwa nyeupe yenye ua uliotandikwa vigae, na nyuma ya ua, kibanda cha vyumba viwili: kimoja cha kufulia, kimoja cha Rayan. Nilipofungua chumba cha Rayan mara ya kwanza kilinuka unga wa mbao na kitu kilichoungua. Mashine ilisimama katikati. Aliijenga kwa vyuma vya alumini, daraja lake likipita juu ya meza, na juu ya daraja mota ya kukatia iliyopozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu ndogo, ya matangi ya samaki, kutoka kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ilikuwa bado pale chini, tupu. Juu ya meza palikuwa na ubao uliobanwa, umekatwa nusu. Bosi akanieleza kuwa ni marufaa, kile kiti cha kuwekea msahafu, ambacho ni vibao viwili vinavyopishana. Kimoja peke yake hakisimami. Rayan alikuwa anamtengenezea mama yake.

Chakula changu kililetwa na Kavata, dada wa Kikamba kutoka Kitui, mfanyakazi wa ndani. Siku ya kwanza aliweka sinia kizingitini, wali na samaki wa kukaanga na birika la chai ya nanaa, akarudi nyuma. Nikamwambia ahsante dada, ingia uliweke mezani. Alifurahi kusikia Kiswahili, akacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Huko siingii, kaka."

"Kwa sababu ya marehemu?"

"Kwa sababu ya maji." Akatupa jicho kwenye dirisha la jikoni. "Wanasema ni mimi nilimuua. Ati nilipiga deki hapo ndani nikaacha maji, ndio stima ikamshika."

"Ulipiga deki?"

"Niliosha hapa nje tu, kwa korido. Ndani alikuwa amenikataza kitambo, hakutaka mtu aguse vitu zake. Hayo maji yalitoka kwa hiyo ndoo yake, alipoanguka. Mimi nilisikia kishindo, nikakimbia, nikapata ameanguka, hana viatu, mkono umeshika hiyo chuma na haiachi. Nikaenda nikazima swichi kubwa. Lakini nilikuwa nimechelewa. Watu wa serikali wakakuja, wakaandika ni ajali. Lakini madam haamini. Kandarasi yangu iliisha, pasipoti iko na yeye. Na ndugu yake amesema akirudi safari ananipeleka polisi. Anarudi Ijumaa ijayo."

Nilimwambia Mungu atampigania. Ndilo neno linalokuja upesi mtu akiwa hana la kusaidia. Aliniangalia kama anayelijua vizuri neno hilo na bei yake, akaenda zake.

Kazi ilikuwa ngumu, na bosi aliifanya ngumu zaidi, kwa sababu alileta kiti cha plastiki akakaa mlangoni kutwa nzima kunitazama. Kompyuta ilikuwa imekufa. Bodi kuu, ile inayogeuza mchoro kuwa mwendo, ilikuwa na doa jeusi katikati. Nikamwambia inahitaji bodi mpya na zinapatikana hapahapa mjini. "Hii aliifunga yeye?" Nikasema ndiyo. "Basi mafi, hakuna mpya. Iache." Tukavutana hivyo mpaka nikapata njia: kila kilichoungua nilikiacha mahali pake ndani ya sanduku la umeme la mashine, nikakitenga na umeme, nikafunga kipya kando yake. Sanduku likawa na vitu viwiliviwili, vilivyokufa na vilivyo hai. Akaridhika. Nilipoviamsha vipya likaja tatizo jingine. Daraja lilisukumwa na mota mbili, moja kila upande, ambazo lazima zizunguke pamoja. Ya kulia ilizunguka; ya kushoto ilivuma tu pale ilipo, na daraja likapinda likakwama kwa mlio uliomwinua bosi kitini.

"Aliifunga vibaya," alisema. Halikuwa swali.

Katika ufundi huu kuna njia moja ninayoiamini: badilisha nafasi, kisha tazama kama ugonjwa unahama. Nilizima umeme, maana mota za namna ile ukizichomoa zikiwa na moto unaua kibodi, yaani bodi ndogo inayoziendesha. Nikapeleka nyaya za mota ya kushoto kwenye kibodi cha kulia, na za kulia kwenye cha kushoto. Nikawasha. Sasa ya kushoto ikazunguka kama maji na ya kulia ndiyo ikawa inavuma. "Mota ni nzima, bosi," nikamwambia. "Nyaya zake nzima. Ni hiki kibodi cha kushoto, kimeungua siku ile."

"Kwa hivyo si yeye."

"Si yeye."

Alikaa tena. Ikawa hivyo kwa kila kitu nilichokigusa. Nikikuta skrubu iliyolegea, au waya ulioparara, nilihisi macho yake mgongoni, na swali lilelile: ni yeye? Na kila mara jibu lilikuwa si yeye, kwa sababu kijana yule alikuwa na mkono safi kuliko wangu. Nilidhani majibu yangu yanampa faraja. Sasa mimi ni baba, na nadhani yalikuwa yanamtesa. Mtu akijua mwanawe alikosea, ana mahali pa kuuweka msiba wake. Mimi nilikuwa nampokonya mahali hapo kidogokidogo.

Umm Rayan, mkewe, sikumwona siku zile za mwanzo, nilimsikia. Dirisha la jikoni lilikuwa mkabala na mlango wangu, na adhuhuri moja bosi akiwa ndani, sauti zao zilinifikia. "Umemleta mtu kumtafutia mwanangu kosa," mama alisema. Bosi akajibu chini, nikasikia tu kwamba anataka kujua. "Mimi najua. Ni yule msichana na maji yake. Rayan hakuwa mzembe." Kisha sahani zikagongana na maji ya bomba yakafunguliwa. Nilisimama na bisibisi mkononi. Nikaelewa kuwa katika nyumba ile kosa lilikuwa na wenyewe wawili tu, marehemu au mtumishi, na mama hakuwa tayari kumpa marehemu.

Bosi alianza kula nami kizingitini. Siku moja akazungumza zaidi ya kawaida yake. Alinionyesha kibanda kile, akasema alikijenga mwenyewe, alisimamia kila tofali, ili Rayan apate mahali pa kupigia kelele zake bila kumsumbua mama. "Fundi wa umeme alitaka kuvunja vigae vya uani," alisema, akichambua mwiba wa samaki. "Anasema lazima waya mwingine utoke nyumba kubwa upite chini. Vigae vipya. Nikamwambia halas, yatosha, taa zinawaka, feni inazunguka, waya mwingine wa nini?" Nilitabasamu kama anavyotabasamu mtu kwa hadithi ya bosi wake. Ni baada ya yeye kuinuka kwenda kusali ndipo nilipolirudisha tonge siniani.

Nilirudi kwenye mashine. Kwanza nikafungua mnyororo wa plastiki unaobeba nyaya za daraja, nikaivuta kebo ya mota ya kukatia, na karibu na mwisho wake nikakuta nilichokuwa nimekifikiria: ganda limesagika, shaba inaonekana, na penye chuma pana alama ya moto. Hapo ndipo umeme ulipoingilia kwenye mwili wa mashine. Lakini kebo kusagika si jambo geni. Al-Sulay zinasagika kila mara, na zikisagika breka inaanguka na kukata umeme, tunatukana, tunabadilisha kebo. Breka inaanguka kwa sababu ya waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaoupeleka umeme uliopotea ardhini kabla haujampata mtu. Nikautafuta wa Rayan. Alivuta mmoja kutoka kila kipande cha chuma, akazikusanya nyaya zote kwenye boliti moja ya shaba aliyoisugua mpaka ikang'aa, na kutoka hapo mpaka kwenye plagi. Nikapima kwa mita, ambayo hulia njia ya umeme ikiwa nzima. Ikalia kila mahali. Kazi ya mtu aliyejua hatari na akaizibia njia. Kisha nikapima kutoka kwenye soketi ya ukutani. Mita ikanyamaza. Nikafungua skrubu mbili, nikaivuta soketi nje. Ilikuwa na matundu matatu, kama soketi yoyote nzuri. Nyuma yake ziliingia nyaya mbili. Skrubu ya tatu, ya ethi, ilikuwa mpya kabisa. Haijapata kuguswa na bisibisi. Kijana alichomeka plagi yake kwenye ukuta wa babaye akiamini kuwa nyuma ya tundu la tatu kuna kitu.

Niliirudisha soketi ukutani, nikamwambia bosi kichwa kinaniuma, nikaenda Kandara. Bakari alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja shati.

"Sasa wataka kufanyaje?" aliuliza.

"Kumwambia."

"Hebu n'ambie wewe, Mbarouk. Ikama yako ya kuishi nchi hii yatoka kwa nani? Huyu mtu ukimwambia ndiye aliyemuua mwanawe, kesho akuandikia kuwa umetoroka, na mimi n'takuona jela nikuletee mkate. Weka ethi yako kimyakimya, mashine izunguke, urudi Riyadh. Wewe watengeneza mashine, si kadhi."

"Na yule dada?"

Bakari aliliweka shati. Alikuwa na binti Doha, mfanyakazi wa ndani vilevile. Picha yake ilikuwa juu ya kitanda chake. Alipika dengu, tukala, na asubuhi nilipokuwa navaa viatu akaniambia tu nibebe namba yake ya simu kwenye karatasi, si ndani ya simu peke yake.

Ilikuwa Jumatano. Nilimkuta Kavata anaanika nguo uani, hakunisalimu kama kawaida yake. Midomo ilikuwa ikienda bila sauti, anasali. Bosi alikuwa tayari kitini. Sikuwa na hotuba. Nilimpa mita mkononi, nikamwambia anisaidie kupima. Hii ncha hapa, hii pale. Mita ikalia. Sasa hapa. Ikalia. Nilimpitisha mashine nzima, kutoka daraja hadi meza hadi boliti ya shaba hadi plagi, na kila ilipolia nilisema, "Hii kazi ya Rayan, nzima." Uso wake ulianza kufunguka, nikamwona kwa mara ya kwanza tangu msiba jinsi alivyokuwa kabla. Nikamwonyesha kebo iliyosagika. Nikamwambia mambo haya hutokea, ndiyo maana kuna ethi. Kisha nikamwelekeza kwenye soketi niliyokwisha kuivuta nje. Akaweka ncha moja kwenye skrubu ya tatu. Kimya. Akaisogeza, akabonyeza zaidi. Kimya. Akatazama zile nyaya mbili zilizotoka ukutani.

"Waya mwingine," alisema.

"Ndiyo, bosi."

"Na maji?"

"Maji au bila maji. Alikuwa peku, mkono kwenye chuma. Maji yalimwagika alipoanguka yeye. Yule dada hana lake hapa."

Aliiweka mita mezani taratibu. Nilisikia kamba ya nguo ikilia nje kwa uzito wa mashuka.

"Umemwambia nani?"

"Hapa ndani hakuna. Kandara kuna mtu mmoja ninayekaa naye chumba kimoja."

"Nipe ikama yako."

Nilimpa. Akafunga chumba cha Rayan kwa ufunguo, akanionyesha geti.

Siku zilizofuata nilizipitisha chumbani Kandara. Bila ikama sikuthubutu kushuka hata kununua mkate. Doria hupita pale, na mtu asiye na karatasi ni mtu aliyetoroka. Nilijua kila sauti ya ngazi zile: mpangaji wa juu mwenye kikohozi, mtoto wa duka la simu, watu wa maji. Kila viatu vipya vikipanda nilikaa wima kitandani. Simu ya bosi haikupokelewa. Nilijaribu kumtumia ujumbe Kavata, haukufika. Ijumaa ikaadhiniwa, nikasali chumbani, nikifikiria geti lile jeupe na gari la ndugu yake madam mbele yake. Bakari alirudi msikitini na sinia la wali, hakusema "nilikwambia", na kwa hilo nampenda mpaka leo.

Alasiri ileile viatu vilipanda ambavyo sikuvijua, pole pole, vikisimama kila ghorofa. Bakari akafungua mlango. Alikuwa Abu Rayan, peke yake, jasho limemlowesha kanzu. Alitoa salamu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu kwa kuwa hapakuwa na kiti. Bakari akataka kutoka. Bosi akamwashiria akae.

"Ningemkubalia fundi yule," alisema, "Rayan angekuwa hai?"

Hata sasa, ninapoandika haya, natafuta jibu jingine ambalo ningeweza kumpa. Nilikuwa na mengi mdomoni: kwamba umri ni wa Mungu, kwamba hakuna ajuaye. Yote ni kweli. Lakini hakuwa amepanda ngazi zile kuyafuata hayo. Hayo aliyapata msibani.

"Breka ingeanguka, bosi," nikasema. "Angeshtuka tu."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa kitu alichokwisha kukisoma. "Shemeji yangu yuko nyumbani. Nimemwambia asubiri. Njoo umweleze mama yake Rayan. Mimi siwezi."

Nilitamani kukubali. Ingekuwa rahisi, na ingempendeza. "Nitakuja," nikamwambia. "Nitasimama mlangoni. Lakini neno hili ni lako, bosi. Akilisikia kwangu atasema umeninunua."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama nje ya chumba cha Rayan, mgongo ukutani, Kavata kando ya kamba ya nguo na mfuko wake mdogo umeshafungwa. Umm Rayan aliingia, mwanamke mfupi aliyejifunika, hakuniangalia. Nilisikia mita ikilia, ikalia, ikalia. Bosi alikuwa anampitisha njia ileile niliyompitisha yeye, anamshikisha ncha kwa mikono yake, anasema kila mara, "Hii yake, nzima." Kisha mita haikulia. Kisha nikamsikia akimsimulia habari ya fundi na vigae, hakupunguza kitu, hata ile "halas". Alipotoka, Umm Rayan alivuka ua moja kwa moja mpaka mbele ya Kavata, akasimama. Akaingia ndani, akarudi na pasipoti, akamwekea Kavata mkononi, akaenda.

"Hajasema pole," Kavata aliniambia siku ya safari, nilipomsindikiza uwanja wa ndege. Alisema kwa utulivu. "Mimi ningemsamehea hapo hapo. Lakini angesema." Tuliagana hapo. Ameolewa Mwingi, na huwa ananipigia siku za sikukuu, zangu na zake.

Ikama yangu nilirudishiwa bila maneno. Nilidhani mambo ya mashine yamekwisha, lakini bosi alikuja na sururu. Tulivunja vigae vya uani mimi na yeye, kutoka nyumba kubwa mpaka kibandani, na hakukubali kuita vibarua. Viganja vilimchubuka. Tulipitisha waya wa tatu, tukafukia. Tulipofunga kebo mpya, nilifanya jaribio nililoliona muhimu kuliko yote: niligusisha waya wenye moto kwenye mwili wa mashine kwa makusudi, na breka ikaanguka papo hapo. Bosi aliniambia nirudie. Nikarudia mpaka akatosheka. Wakati wote huo mkewe aliishi ghorofani na yeye alilala sebule ya wageni. Chakula chao kilipikwa na mtumishi mpya na kililiwa mahali pawili.

Asubuhi ya kuijaribu mashine kwa ubao uleule wa Rayan, Abu Rayan alijaza ndoo maji kwa ajili ya pampu. Kisha akajaza kopo jingine na kulimwaga sakafuni, kwenye miguu ya mashine. Akavua viatu. Akasimama ndani ya maji yale, akaweka kiganja chake kwenye daraja la alumini.

"Washa."

"Bosi, vaa viatu kwanza."

"Kazi yako ni nzuri au si nzuri?"

"Nzuri."

"Basi washa."

Nilijua umeme ukipotea breka itaanguka. Nilikuwa nimeiangusha mwenyewe kwa mkono huu, na kujua huko hakukunisaidia kitu. Sikuweza kumwacha peke yake pale, na sikuweza kumkatalia. Nikavua kandambili zangu, nikaingia kwenye maji, yalikuwa ya baridi, nikaweka mkono wa kushoto kwenye chuma karibu na wake. Kwa mkono wa kulia nikabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, mota ya kukatia ikapanda sauti, daraja likaanza kwenda chini ya viganja vyetu. Alikuwa amefumba macho. Tulitembea nalo, mbele na nyuma, peku, unga wa mbao ukitutua mikononi, mpaka kisu kilipoinuka chenyewe na kurudi pembeni.

Alikifungua kile kibao, akakipuliza, akakipitishia kanzu yake. Akatoka nacho, viatu mkono wa pili, akavuka ua juu ya ule mstari wa vigae vipya mpaka mlango wa jikoni, akabisha. Nilimtazama nikiwa bado nimesimama majini. Alibisha tena. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono. Mkono ukatoka, ukakipokea kibao, na mlango ukarudishwa. Akabaki pale juani kwa muda. Kisha akageuka, akarudi kibandani, akaweka viatu vyake kizingitini.

"Yalla, Mabruk," alisema. "Funga kibao cha pili."